Frederick Jones: Yatima Aliyeanza Kwa Kufagia Gereji, Akaishia Kuyapa Malori AC

Ushawahi kulala ndani ya gari usiku wa joto, tuseme Mombasa ama Kisumu? Unajua vile huwa. Ukifungua dirisha, mbu wanaingia kama wamealikwa harusi. Ukifunga, unachemka kama githeri. Siku hizi wasee wengi wanageuza van zao kuwa keja za safari, wanatoka Nairobi hadi Diani na godoro nyuma, na malalamiko ni yale yale: AC inapuliza tu, haipozi.

Sasa kuna jamaa mmoja alikutana na shida hiyo Marekani miaka ya 1930, na yeye hakuishia kulalamika. Jina lake ni Frederick McKinley Jones. Ukiona lori la kubeba samaki, nyama ama maua likipita barabarani na lile boksi la baridi limebandikwa mbele, juu ya kabini, jua hiyo ni kazi ya kichwa chake.

Maisha yalianza noma

Fred alizaliwa Mei 17, 1893, na alikulia maeneo ya Cincinnati, jimbo la Ohio. Mathe wake alikuwa Mweusi, buda yake Mzungu wa asili ya Ireland aliyefanya kazi ya reli. Mathe alimtoka mapema sana. Buda akaona hawezi kulea mtoto peke yake, akamvusha mto hadi Covington, Kentucky, akamwachia padre mmoja Mkatoliki. Fred alikuwa na miaka 7 hivi. Haikupita muda buda naye akafariki. Kijana akabaki hana mtu.

Kwa padre alipata chakula na mahali pa kulala, na akapewa kazi za nyumba: kufagia, kuosha, kukata nyasi. Lakini roho yake ilikuwa kwa mashine. Akiwa na miaka 11 akahepa, akarudi Cincinnati kujitafutia. Shule ikaishia hapo. Hakuwahi kuingia high school wala kukanyaga chuo.

Akapata kazi gereji. Si ya kutengeneza magari, ni ya kufagia tu. Lakini macho yake hayakuwa kwa ufagio, yalikuwa kwa mafundi. Alifika miaka 14 tayari naye ni fundi, na kabla hata atoke utineja alikuwa anasimamia wengine. Kama angekuwa Grogan ama Kariobangi, tungesema huyu ni mtoto wa jua kali halisi: alijulia kazini, akashika spana hadi spana ikamtii.

Kijiji kilichompa nafasi

Mwaka wa 1912 aliishia Hallock, kamji kadogo kaskazini kabisa mwa Minnesota, karibu na mpaka wa Canada. Huko akaajiriwa kutengeneza mitambo ya shamba kubwa sana. Baridi ya huko si mchezo, na wakati theluji imefunga kila kitu, Fred alikuwa ndani anasoma vitabu vya umeme na injini. Hakuwa na mwalimu. Alijisomesha.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, akaingia jeshi la Marekani na kupelekwa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa umeme na mitambo, na akapanda cheo hadi sajenti. Kumbuka hiyo ni enzi ya ubaguzi mzito, askari Weusi wanatengwa na wenzao. Bado kila mahali kitu kilipoharibika, alitafutwa yeye.

Aliporudi Hallock akaendelea kuunda vitu. Alitengeneza mtambo wa kurusha matangazo ya redio ya mji. Alitengeneza sleji ya kuteleza kwa theluji inayosukumwa na pangaboi ya ndege, ili daktari afikie wagonjwa. Halafu sinema zikaanza kuongea. Vifaa vya sauti vilikuwa bei ya kuua, na sinema ya kijiji haingeweza. Fred akaokota vyuma na vipuri vya hapa na pale, akaunda mtambo wake mwenyewe. Ukafanya kazi poa.

Habari zikafika Minneapolis kwa mfanyabiashara anayeitwa Joseph Numero, aliyekuwa anauzia sinema vifaa vya sauti. Karibu mwaka wa 1930 akamwajiri.

Usiku wa mbu

Sasa sikia hii. Inasemekana usiku mmoja wa joto, karibu 1937, Fred alikuwa ameegesha gari karibu na ziwa akitafuta hewa. Mbu wakamvamia. Akafunga madirisha, joto likamkaba. Akajiuliza mbona gari lisiwe na mtambo wa kupoza hewa kama majengo makubwa. Akaenda maktaba, akasoma, akachora. Alipompelekea Numero ile michoro, Numero akaona hiyo ni ndoto ya bei ghali isiyo na wateja. Karatasi zikawekwa kando.

Mwaka wa 1938 mambo yakageuka. Numero alikuwa anacheza gofu na jamaa wa malori, na huyo jamaa alikuwa na uchungu: mzigo mzima wa kuku ulikuwa umemwozea njiani. Wakati huo malori yalipozwa kwa barafu. Barafu ikiyeyuka kabla ufike, umeisha. Numero akajitapa kwa mzaha kwamba mtu wake anaweza kuunda mashine ya kupoza lori. Mwenye malori hakuchukulia kama mzaha. Akaleta trela.

Fred akaizunguka ile trela, akaingia ndani, akapima. Akasema inawezekana.

Mbona wengine walishindwa?

Friji ya nyumbani imetulia, haiendi popote. Lori linarukaruka. Mabomba yanapasuka, viungo vinalegea, gesi ya kupoza inavuja. Wengi walikuwa wamejaribu wakakwama hapo. Fred alikuwa ameshatengeneza magari ya mashindano ya mbio, kwa hivyo alijua vizuri vile mtikisiko unaua chuma. Akaunda mtambo mdogo, ulioshikana, wenye injini yake binafsi, usiotegemea injini ya lori.

Ule wa kwanza aliufunga chini ya trela. Ulipoza, lakini ulikuwa mzito, na vumbi na matope ya barabara vikauziba. Hakukata tamaa. Akaupunguza uzito, akauhamisha mbele juu, mahali hewa ni safi. Hapo ndipo malori yote ya baridi yalipopata ile sura tunayoijua.

Numero akauza biashara ya sauti, wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Thermo King. Kufikia 1949 ilikuwa biashara ya mamilioni ya dola. Mwaka huo huo, Julai 12, Fred akapata patenti ya mtambo wake wa AC. Kwa jumla alipata zaidi ya patenti 60, na karibu 40 ni za mambo ya baridi tu.

Vita Vikuu vya Pili vilipochacha, mitambo yake ilipoza damu, dawa na chakula cha wanajeshi mbali na mji wowote. Hapo AC si raha tena, ni uhai wa mtu. Mwaka wa 1944 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha wahandisi wa mitambo ya baridi. Huyu ni yule ambaye hakumaliza shule.

Na van yako je?

Ukiangalia kazi yake unapata majibu. AC haitengenezi baridi, inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Kama ile rediata yake ya mbele imejaa vumbi na wadudu, joto halina pa kuenda, kwa hivyo isafishe kwanza. Ukiegesha na injini inaunguruma polepole, kompresa inazunguka kidogo na hewa haipiti vizuri, ndio maana inapoza ukiwa highway na kukuangusha ukisimama. Ndiyo sababu Fred aliupa mtambo wake injini yake.

Halafu zuia joto lisiingie. Trela ya baridi ina kuta nene zenye kinga. Van yako ni bati na vioo. Weka kinga kwa kuta na paa, funika vioo kwa kitu kinachorudisha jua, ziba nyufa za milango, egesha kivulini. Bila hiyo, hata AC kubwa namna gani itachoka tu.

Heshima ilichelewa

Jones alifariki Februari 21, 1961, Minneapolis, kwa saratani ya mapafu. Watu wengi waliokula chakula kilichosafirishwa na mitambo yake hawakuwahi kusikia jina lake. Ilichukua miaka 30 ndipo, mwaka wa 1991, Rais George H. W. Bush akawapa yeye na Numero Medali ya Taifa ya Teknolojia. Wote wawili walikuwa wameshaenda. Wajane wao ndio walisimama kupokea. Jones akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kutunukiwa hiyo medali.

Kwa hivyo ukipita gereji na uone kijana ameshika ufagio lakini macho yako kwa injini, usimfukuze. Mwonyeshe kazi. Na wewe, unamjua fundi gani mtaani mwenye kichwa kama hiki lakini hana karatasi?