Sheck Exley na hewa ya kurudia

Mkubwa wangu alikuwa mzamiaji wa dhahabu mtoni, upande wa Kisangani. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Juu ya chombo kuna injini inayosukuma hewa. Hewa inapita katika mpira mrefu, na mpira unaishia mdomoni mwa mtu aliye chini, gizani, akivuta mchanga. Siku moja injini ilizimika. Mkubwa wangu alivua mkanda wa mawe, akapanda juu kwa pumzi iliyobaki kifuani, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halisikii. Nilikuwa na miaka 11. Nikabaki na swali moja: kwa nini hakuwa na hewa nyingine?

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, katika zoezi la tafsiri hapa kitivoni. Matini ilisimulia maisha ya Mmarekani aliyeitwa Sheck Exley.

Exley alizaliwa tarehe 1 Aprili 1949 huko Jacksonville, katika jimbo la Florida. Chini ya ardhi ya Florida kuna mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji, kwa hiyo chemchemi nyingi za huko ni milango ya mapango marefu yaliyojaa maji. Mwaka 1965, akiwa na miaka 16, alianza kuzamia, na mwaka huohuo akaingia katika pango lake la kwanza. Hakuacha tena. Alipofika miaka 23 alikuwa mtu wa kwanza kutimiza safari 1.000 za kuzamia mapangoni, na kabla ya kufa alikuwa amepita 4.000. Riziki yake, hata hivyo, ilitoka darasani: alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari.

Katika miaka ile vijana wengi walifia ndani ya chemchemi hizo, na Exley aliitwa mara nyingi kwenda kutoa maiti. Mwalimu wa hesabu hakuridhika na kulia tu. Alichunguza ajali moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 akatoa kitabu kidogo, Basic Cave Diving, kilichoonyesha kwamba vifo vingi vilitokana na makosa machache yaleyale. Wengine walikosa kamba ya kuwaongoza hadi mlangoni. Wengine walishuka kina kisichowafaa. Wengine walitumia hewa ya kwendea wakasahau ya kurudia.

Kanuni ya hewa aliyoihimiza inaitwa kanuni ya theluthi. Ukiwa na mtungi wenye kipimo cha 210, tumia 70 kwa kwenda, 70 kwa kurudi, na 70 usiziguse. Theluthi hiyo ya mwisho ni ya tope litakalokupofusha, ya kamba itakayokunasa, au ya mwenzako atakayeishiwa. Anayezamia baharini akipatwa na shida anaweza kupanda juu, lakini mtu wa pangoni ana jiwe juu ya kichwa. Tena hewa huliwa haraka kadiri unavyoshuka: katika mita 30 kila pumzi inatumia hewa mara nne ya ile ya juu.

Lakini hewa nyingi si kitu kama njia ya kuifikia ni moja. Mtungi uliojaa hauna faida kifaa cha mdomoni kikiharibika. Kwa sababu hiyo Exley alikuwa miongoni mwa walioeneza desturi ya kubeba kifaa cha pili cha kupumulia. Kwa Kiingereza kinaitwa kwa jina la pweza, maana mipira inatoka kama mikono ya mnyama huyo. Anayezamia peke yake huhitaji zaidi ya hapo: mtungi wa pili, wenye koki yake na mdomo wake, usiotegemea chochote cha mtungi wa kwanza. Hana mwenzake wa kumwomba pumzi. Lazima amchukue mwenzake huyo mgongoni au ubavuni, akiwa chuma.

Hivyo ndivyo Exley alivyoshuka katika chemchemi ya mto Mante, Meksiko, akiwa peke yake kwenye kina, na mitungi mingine ikimngoja kwenye kamba kwa safari ya kupanda. Mwaka 1989 alifika mita 264. Mwaka 1993 alikuja Afrika, akashuka mita 263 katika shimo la Boesmansgat, Afrika Kusini, ambako mwili ulimtetemeka na macho yakamchezea kwa sababu ya kina.

Tarehe 6 Aprili 1994 alishuka Zacatón, shimo la maji la Meksiko. Siku hiyohiyo Jim Bowden alishuka kwa kamba nyingine, akaona hewa yake imepungua kuliko alivyohesabu, akageuka, akapona. Exley hakurudi. Mwili wake ulipatikana baadaye, kamba ilipovutwa juu. Alikuwa amepita mita 260, na alikuwa na miaka 45. Sababu ya kifo chake haikujulikana kwa hakika.

Wakati wa kusahihisha zoezi, mwenzangu mmoja alisema kwamba mwisho huo unabatilisha mafundisho yote. Nilimpinga, na bado nampinga. Wanaozamia mapangoni leo wanaendelea kugawa hewa kwa tatu, na wapo wanaorudi nyumbani kwa sababu hiyo. Exley aliwafundisha wengine mipaka, kisha yeye mwenyewe akaenda mahali ambapo mipaka hiyo haikutosha. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Katika tafsiri yangu niliandika hewa ya kurudia. Profesa alipendekeza hewa ya akiba, na neno lake ni sahihi. Lakini akiba watu huila wakibanwa, ilhali theluthi ile ina kazi yake tangu mwanzo.

Nilimsomea mkubwa wangu habari hii, nikikaa upande wa sikio lake linalosikia. Aliuliza bei ya mtungi wa pili. Nilipomtajia, alicheka, kisha akanihesabia kwa vidole vijana anaowajua ambao bado wanashuka mtoni na mpira mmoja. Vidole vya mkono mmoja havikutosha.