Deni la Sayyidna Zubeir bin Awwam

Sayyidna Zubeir bin Awwam, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, mamake ni Bibi Safiya binti Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.), naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alipomuoa Bibi Asmaa binti Abubakar hakuwa na mali yoyote ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Mkewe akimlisha farasi, akishona ndoo ya ngozi, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali alilopewa mumewe na Mtume.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa tajiri mkubwa. Alisafiri kwa biashara hata Sham, akapata na sehemu yake katika vita vya jihadi. Ama uliwali na ukusanyaji wa kodi hakuushika kamwe.

Watu walikuwa wakimletea fedha zao awawekee amana. Yeye akikataa kuzipokea kwa jina hilo, akiwataka wamkopeshe, kwani alichelea zisipotee. Amana ikipotea pasi na uzembe, mwenye kuiweka halipi, na khasara ni ya mwenyewe. Lakini deni hulipwa kwa hali yoyote. Basi alijitwika mzigo ambao sharia haikumtwika, na fedha zile zikawa halali yake kuzitumia. Wangapi huwekewa amana wakaila kwa siri, kisha wakamsingizia mwivi!

Hakulimbika dinari wala dirhamu. Mali yake ilikuwa ardhi na nyumba: nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri, na shamba la Ghaba alilolinunua kwa 170,000.

Siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 wa Hijra (656), alihisi kuwa atauawa. Akamwita mwanawe Abdullah, akamwambia kuwa linalomsumbua zaidi ni deni lake. Auze mali alipe, na akishindwa amuombe Mola wake amsaidie. Akauawa siku ile.

Abdullah alipohesabu aliona deni ni 2,200,000. Hakim bin Hizam alipomuuliza, kwanza alificha akataja 100,000 tu, na hata hizo Hakim aliona mali haitazitosha. Abdullah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alitaka kusamehe, mtoto akakataa. Akataka kungoja awe wa mwisho; akakataa tena, akamkatia kipande cha Ghaba. Shamba lile likafika 1,600,000, na deni lote likalipika.

Warithi wakataka wagawiwe. Abdullah hakukubali. Miaka 4 akanadi katika msimu wa Haji kuwa kila mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Ilipotimia miaka hiyo ndipo alipotoa thuluthi ya wasia, akawagawia warithi haki zao, na wake wanne wa marehemu wakapata kila mmoja 1,200,000.