Simond na Siri ya Kiroboto

Wahenga wetu walinena kwamba panya huuma huku akivuvia. Lakini tauni, maradhi yaliyofyeka mamilioni ya viumbe, haikuja kwa meno ya panya. Yuko mdudu mdogo manyoyani mwake, na aliyemfichua ni daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond. Leo, wasomaji wapenzi, twamkumbuka bwana huyu.

Alizaliwa mwaka wa 1858 katika kijiji cha Beaufort-sur-Gervanne. Ujana wake aliutumia kuwauguza wenye ukoma katika koloni ya Guyana, ng'ambo ya bahari, kisha mwaka wa 1895 akaingia Taasisi ya Pasteur mjini Paris kusomea viini vya maradhi.

Mwaka mmoja kabla yake, mwenzake Alexandre Yersin alikuwa amekigundua kiini cha tauni huko Hong Kong, tena akaona panya wakifa kwa wingi. Lakini kiini hutokaje kwa panya kikamfikia binadamu? Hapo ndipo wataalamu walipokwama. Wako walioshuku hewa, wako walioshuku vumbi na uchafu.

Tauni ilizuka Bombay mwaka wa 1896, bandari iliyojulikana sana na manahodha wa pwani yetu. Mwaka uliofuata Simond alitumwa huko kushika nafasi ya Yersin. Wakuu walikuwa wakipuliza dawa majumbani na kuwatenga watu, na maradhi yakizidi kuenea.

Simond akatazama mambo madogo. Katika kiwanda kimoja cha sufu panya wengi walikutwa wamekufa sakafuni. Vibarua 20 wakaamriwa kuwaondoa. Kabla ya siku tatu kupita, 10 kati yao walishikwa na tauni, na wafanyakazi wengine wote wakasalimika. Tena aliona kwamba baadhi ya wagonjwa, kabla ya kuvimba mitoki, walikuwa na lengelenge dogo mwilini, na majimaji yake yalijaa viini. Simond akajiuliza: je, hapa si mahali palipoumwa na mdudu?

Akiwa Karachi alifanya jaribio lake katika hoteli aliyofikia. Alimtia panya mgonjwa ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye mchanga. Ili viroboto wawe wengi, aliwachukua wengine kwa paka aliyekuwa akirandaranda hapo hotelini. Kisha akatundika humo kitundu cha wavu chenye panya mzima, asiweze kumgusa mwenzake wala mchanga. Kiroboto pekee ndiye aliyeweza kupenya. Mgonjwa akafa. Baada ya siku chache yule wa kitunduni naye akafa kwa tauni ile ile. Lakini panya wagonjwa wasio na viroboto walipowekwa pamoja na wazima, hakuna aliyeambukizwa. Tarehe 2 Juni 1898 Simond alijua kuwa siri imefichuka.

Je, alishangiliwa? La! Wataalamu walimbeza, wakaona si jambo la akili kiroboto kuangusha miji. Miaka ikapita na watu wakaendelea kufa. Ni baada ya mwaka wa 1905 ndipo tume ya uchunguzi huko India iliporudia majaribio, ikaona kwamba wanyama waliotundikwa juu, kiroboto asikoweza kuruka, walisalimika. Mdharau biu hubiuka yeye. Lakini hapa waliobiuka ni maskini wa Mungu.

Simond alikwenda Brazil kuchunguza homa ya manjano, akahudumu pia Istanbul, na akafariki dunia mwaka wa 1947.

Ndugu msomaji, usidhani kisa hiki ni cha kale. Tauni ilizuka Lushoto, jirani zetu wa Tanga, mwaka wa 1980, ikawasumbua watu kwa zaidi ya miaka 20. Mjini Mahajanga, Bukini, hata kirukanjia alikutwa na kiini hicho. Leo wataalamu wajua kuwa panya na kirukanjia hubeba jamii tele za bakteria. Nyingi hazitudhuru, lakini chache huvuka zikatufikia, ama kwa kiroboto, ama kwa mkojo wa panya majini.

Tauni sasa yatibika mgonjwa akiwahi dawa. Lakini ukikuta panya amekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Mwili ukipoa, kiroboto huuhama, akatafuta damu yenye joto. Huenda ikawa yako.