Munganga Livingstone: Shujaa ao Mtu wa Kujipenda?

Tumezoea kumuita shujaa. Tuangalie maisha yake vizuri.

David Livingstone alizaliwa Uskoti mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alianza kutumika mu kiwanda cha pamba. Kisha akasoma uganga, akaja Afrika. Mwaka 1852 alirudisha bibi yake Mary na watoto wane Uingereza, yeye akabaki na safari zake. Mary akamfuata tena, akafa Shupanga mwaka 1862. Watoto wakabaki bila mama, na baba yao mwaka 1866 akaingia tena porini kutafuta chanzo cha Nile.

Mwaka 1869 alifika hapa kwetu Kabambare. Vidonda vya miguu vikamfunga siku nyingi. Tarehe 15 Julai 1871, kule Nyangwe, aliona watu wa biashara ya watumwa wakipiga bunduki sokoni. Mamia wakafa, wengi wamama. Akaandika yote. Habari ile ilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mu Juni 1873. Yeye hakujua: alikufa mwezi wa tano, kwa Chitambo, bila kuona chanzo. Susi, Chuma na wenzao walibeba maiti mpaka Bagamoyo.

Mimi naona hivi: kwa watoto wake alikosa. Kwa watu wa Nyangwe alikuwa shahidi. Pori halifanyi mtu shujaa. Ni kazi aliyowafanyia aliowakuta kule.

Basi wewe unayemaliza masomo na kutaka kwenda mbali, kwa machimbo ao mjini: unaenda kumtumikia nani, na mama unamuachia nani?