Kaluta Amri Abedi na Somo la Kwanza la Kusoma Shairi

Jina la Kaluta Amri Abedi hutajwa karibu katika kila mjadala wa ushairi wa Kiswahili, lakini aghalabu hutajwa kama jina la sheria, si la mtu. Makala haya yanayapitia maisha yake kwa ufupi ili kuonyesha kwamba kitabu kilichompa sifa kilikuwa, kwanza kabisa, kitabu cha kumfunza anayeanza kusoma shairi.

Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mbali na Lamu, Mombasa na Pemba ambako sanaa ya utungaji ilikuwa imekomaa kwa karne nyingi. Jambo hili lina uzito wake. Malenga wa pwani aliweza kuzipata kanuni za utunzi kwa kusikia na kwa kukaa na watunzi waliomtangulia. Mwanafunzi wa bara hakuwa na fursa hiyo kwa wepesi. Amri alijiunga na Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa sheikh na mubalighi, na akashiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953.

Mwaka 1954 ilichapishwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kama jina linavyodokeza, kitabu kina sehemu mbili: kanuni, kisha mashairi ya mwandishi mwenyewe. Msomaji hujifunza istilahi, halafu huzikuta zikifanya kazi katika utungo. Kwa Amri, shairi lilikuwa wimbo, na utungo usioimbika haukustahili jina hilo. Hivyo vina na mizani vilikuwa vipimo vya sikio kabla ya kuwa istilahi za darasani.

Mfano rahisi unatosha. Anayesoma kwa jicho tu huweza kudhani kwamba neno "mtu" lina mizani moja. Anayelitamka husikia mbili, kwa kuwa "m" ni silabi kamili. Neno "mwana" nalo lina mizani mbili, si tatu. Asiyeimudu hatua hii hawezi kuuhesabu mshororo wenye mizani 16, wala kutambua mahali ukwapi unapokoma na utao unapoanza.

Maisha yake ya umma yalikuwa mafupi. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru wa 1961 akawa Waziri wa Sheria, kisha Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Alifariki Oktoba 1964 nchini Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Uwanja wa michezo wa Arusha ulipewa jina lake.

Miaka kumi baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi (1974), diwani iliyokaidi vina na mizani. Mwaka 1979, Mulokozi na Kahigi walitetea katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu kwamba mambo hayo mawili si roho ya shairi. Wanamapokeo walikifanya kitabu cha Amri kuwa ngao, na wanamabadiliko wakakifanya shabaha. Mwenyewe hakuwapo kujitetea wala kujisahihisha.

Ni kweli kwamba ufafanuzi wake ulikuwa finyu: hauwezi kuubeba ushairi wote wa Kiswahili wa leo. Hata hivyo, kosa la kukigeuza kitabu cha kiada kuwa hukumu ni letu sisi wahakiki. Mwanafunzi anayeorodhesha tarbia, kibwagizo na urari bila kuweza kuusoma ubeti kwa sauti amepata istilahi na kukosa stadi. Hata anayekusudia kuitetea tungo huru hana budi kwanza kusikia kile ambacho tungo hiyo imekiacha. Kwa somo hilo la awali, Amri Abedi angali mwalimu wa kuanzia.