Rembrandt na Mzee Simeoni

Mwezi huu twamkumbuka Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliyezaliwa mjini Leiden mwaka 1606. Mwaka 1631, akiwa bado kijana, alichora picha ya mzee Simeoni akimpakata Mtoto Yesu hekaluni. Hekalu ni kubwa, nguzo ni ndefu, na watu ni wengi.

Habari hiyo aliichora tena na tena. Katika miaka hiyo alipata taabu nyingi. Mkewe Saskia alifariki mwaka 1642. Mwaka 1656 alifilisika, na baadaye nyumba yake ikauzwa. Mwaka 1668 alimzika mwanawe Titus.

Mwaka 1669 naye alifariki, akaacha picha ambayo hakuimaliza. Ni Simeoni yule yule! Lakini sasa hamna nguzo wala umati. Mzee karibu amefumba macho, na Mtoto amelala juu ya mikono yake.

Sisi nasi husomewa habari ya Simeoni kila mwaka, na pengine twadhani twaijua yote. Rembrandt aliirudia akiwa mzee aliyefiwa, akaona asiyoyaona ujanani. Basi tusichoke kurudia.