Bi. Auguste na Mumewe, Karani wa Reli

Voi ni mji wa reli. Hapo ndipo ilipochepuka njia ya kwenda Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu vya Kwanza, na wazee wengi wa Taita wamechuma riziki yao katika kazi hiyo. Mmoja wao, sahibu yangu wa siku nyingi, nilimkuta hivi karibuni amejiinamia. Mkewe wa miaka arubaini alikuwa amepimwa hospitali, na daktari akasema ni maradhi ya kusahau. Lililomkata maini mzee yule si kusahau. Ni kwamba mkewe alikuwa akimtuhumu kwa mambo asiyoyatenda, na majirani wameanza kunong'ona habari za majini.

Nikamsimulia habari za mtu mwengine wa reli, wa nchi ya mbali. Nawasimulia na nyinyi, wasomaji.

Auguste alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Kassel, Ujerumani. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Alipofika miaka 14 alishika sindano, akawa mshoni. Mwaka 1873 aliolewa na Karl Deter, karani wa reli, wakaweka nyumba Frankfurt. Walijaaliwa binti mmoja, wakaishi kwa masikizano.

Mapema mwaka 1901 mambo yakageuka. Bi. Auguste alianza kumshuku mumewe kwamba anakwenda na jirani. Kisha kusahau kukamwandama. Upishi aliouzoea ukamshinda, vitu vya nyumbani akavificha, na usiku akapiga makelele. Karl alistahimili kwa miezi, asijue ndwele gani hii. Novemba 25 mwaka huo ikambidi ampeleke hospitali ya wagonjwa wa akili. Bi. Auguste alikuwa na miaka 51 tu.

Aliyemtibu ni Daktari Alois Alzheimer, ambaye mwenyewe alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uo huo. Alikaa na mgonjwa, akamwuliza na kuandika. Alipomwuliza jina lake, alilitaja. Alipomwuliza jina la mumewe, alilitaja lile lile lake. Alipoambiwa aandike jina lake, hakuweza kulimaliza, akalalamika kwamba amejipoteza. Maskini, alikuwa akijua kwamba kitu kinamponyoka.

Gharama za hospitali zilimwelemea karani yule, akataka mkewe ahamishiwe mahali pa rahisi zaidi. Daktari akaingilia kati, Bi. Auguste akabaki pale pale mpaka alipofariki Aprili 8, 1906. Ubongo wake ulipochunguzwa, ilionekana umesinyaa na kuingiwa na uharibifu. Novemba mwaka huo daktari aliwahutubia wenzake mjini Tübingen, nao hawakumjali sana. Mwaka 1910 mwalimu wake Emil Kraepelin aliyapa maradhi jina la Alzheimer, nalo ndilo linalojulikana ulimwenguni hadi leo.

Basi daktari amebaki na jina. Mimi humfikiria Karl. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba tuhuma zile zilitoka katika ubongo ulioharibika, si katika moyo wa mkewe. Wala hapakuwa na mtu wa kukaa nao wote wawili mapema, bibi angali akijieleza, aseme anachokiogopa na namna anavyotaka atunzwe.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana mpaka leo. Lakini wanaopimwa mapema wanao wasaa ambao Bi. Auguste na Karl hawakuupata. Mgonjwa asizungumziwe juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo. Akituhumu, asibishiwe, atulizwe. Watoto na jamaa wapokezane zamu, ili anayeuguza naye apate usingizi, aende msikitini, akae barazani na wenzake. Na wenzake wamwendee, wasimkimbie. Tuliopita chuoni tunajua kwamba baina ya mke na mume Mwenyezi Mungu ametia mapenzi na huruma. Mapenzi yakisahauliwa na mmoja, huruma ya mwengine ndiyo inayobeba nyumba.

Mzee wangu wa Voi alinisikiliza kimya. Nilipoaga, mkewe aliuliza mimi ni nani. Akajibiwa. Kabla sijafika mlangoni akauliza tena, na mumewe akamjibu kwa upole ule ule, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.